Mkandaji na Benchi la Pili

Kijijini Nshamba walimwita Mkandaji, na alipohamia Bukoba mjini nako wakamwita hivyo hivyo. Nimemfahamu miaka kumi na sita, na katika miaka hiyo nimemsikia mtu mmoja tu akimwita kwa jina lake, karani wa hospitali aliyekuwa na orodha mkononi. Hata siku hiyo alichelewa kuitika. Aligeuka kutazama nyuma yake, kama vile aliyeitwa ni mtu mwingine.

Ni mwanamke mfupi mwenye mabega mapana na viganja vikubwa kuliko umbo lake. Kwa miaka mingi alikuwa msaidizi katika idara ya mazoezi ya viungo ya hospitali moja, akiwafundisha waliovunjika na waliopooza kukaa upya, kusimama upya, kushika kijiko upya. Alipoacha kazi alikodi chumba Nshamba, nyuma ya duka la pembejeo. Humo aliweka kitanda cha mbao, mabenchi mawili, jiko la mkaa la kupashia samli, na marobota ya ukindu uliotiwa rangi. Watu walielewa kitanda, walielewa na samli. Ukindu ndio uliowashangaza.

"Unasuka mikeka pia?" walimuuliza.

"Hapana," alisema. "Mtasuka nyinyi."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Ulifika, ukakaa benchi la kwanza kusubiri zamu. Ukaitwa, ukalala, akakukanda kwa samli iliyochemshwa na mchaichai, bila haraka, akianzia mbali na mahali panapouma. Ulipoinuka, mwili ukiwa mlegevu kama nguo iliyotoka kufuliwa, hukuruhusiwa kwenda nyumbani. Ulihamia benchi la pili. Pale ulipewa ukindu, au vitambaa na sindano, au karatasi na penseli za rangi, ukatakiwa kutengeneza kitu kwa muda uleule uliokandwa. Aliyesema hajui kutengeneza kitu aliambiwa atengeneze kibaya.

Nilimuuliza aliupata wapi utaratibu huo. Alisema aliupata kwa mgonjwa. Hospitalini kulikuwa na mama mmoja mkulima wa Kimwani, amepooza upande wa kulia, ambaye kila siku alipewa mpira laini aubinye na kila siku aliuweka pembeni. Siku moja mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa anasuka. Yule mama akanyoosha mkono wa kushoto, akaomba uzi mmoja wa ukindu, akauweka katika ule mkono wa kulia uliokufa, akaanza kuhangaika nao.

"Mpira ule nilimbembeleza mwezi mzima," Mkandaji aliniambia. "Ukindu ulichukua dakika tano. Nikajiuliza, sisi tulikuwa tunamfundisha nini huyu?"

Hakupenda kuitwa mganga. Mwanamke mmoja aliyepona shingo alimletea kuku, akamkabidhi kwa mikono miwili huku amepiga magoti kwa heshima. Mkandaji alirudi nyuma hatua tatu. Kwanza aliogopa kuku, jambo ambalo kwa mtu wa kijijini ni aibu kidogo. Pili alijua maana ya kuku yule.

"Waitu, mama yangu, mimi si mganga. Sipigi ramli, sisemi na mizimu. Nakanda nyama na mishipa. Mrudishe kuku wako akatage."

Lakini msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulipofika, aliyekuja na kifurushi cha senene waliokaangwa hakurudishwa nacho. Alikipokea kabla hata ya salamu. Nilipomtania kwamba senene nao ni zawadi ya mganga, alisema senene si zawadi, ni hali ya hewa.

Alikuwa na mambo mengi ya namna hiyo yasiyokaa pamoja. Aliwahimiza watu wanywe maji, yeye mwenyewe alikunywa soda ya machungwa asubuhi na jioni. Alihubiri utulivu, kisha akatoka mlangoni na samli mikononi kugombana na jirani mwenye redio, kwa sauti iliyoizidi redio. Aliwaambia wenzake wapumzike Jumapili. Jumapili ndiyo siku aliyopanda milimani kutafuta majani ya mubilizi, ule mti wenye majani machungu, awachemshie watu maji ya kuoga. Na alikuwa mkali juu ya dawa za kienyeji kuliko daktari yeyote. Mtu akija na chupa ya kitu cheusi alichouziwa mnadani, aliinusa, akaimwaga nje, akamwambia mwenye chupa, "Kunywa kitu usichokijua ni kuthubutu."

Ukali huo alikuwa ameulipia. Nisiposimulia jambo la fundi baiskeli nitakuwa nimechora nusu ya uso wake.

Fundi baiskeli wa Nshamba alikuja kwake katika mwaka wa kwanza, mgongo ukimuuma. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini, mwenye nguvu, mcheshi. Mkandaji alimkanda wiki sita. Maumivu yalipungua, yakarudi, yakapungua, yakarudi. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba alishaona mwili unakonda na jasho la ajabu, akajiambia ni kazi nzito. Kisha asubuhi moja fundi alishindwa kuisikia miguu yake. Hospitali ya mkoa waligundua ni kifua kikuu kilichoingia katika uti wa mgongo. Alitibiwa, akapona, lakini tangu hapo anatembea kwa magongo mawili.

Wengine wangesema ni mapenzi ya Mungu, na nyumbani kwa fundi walikuwa tayari kulisema hilo. Mkandaji alikwenda pale mchana, watu wakiwapo, mke wa fundi na kaka zake wawili. Mke huyo ndiye aliyenisimulia. Mkandaji alikataa kiti. Alisema, "Nilikosea. Nilifanya kazi hospitali miaka yote ile na nilipaswa kukutuma wiki ya kwanza. Nilipenda kusikia ukisema unapata nafuu." Kaka mmoja akainuka na maneno makali, fundi akamtuliza. Mkandaji akaondoka, akafunga chumba.

Miezi mitatu kilifungwa. Aliyekifungua ni fundi mwenyewe. Alikwenda kwake kwa magongo, safari ya dakika kumi iliyomchukua saa nzima, akagonga.

"Umefunga kwa ajili yangu au kwa ajili yako?" alimuuliza.

"Sijui," alisema Mkandaji.

"Kama ni kwa ajili yangu, fungua. Baiskeli siwezi tena kuinama nazo. Nipe kazi kwenye lile benchi lako."

Ndivyo fundi alivyokuwa mwalimu wa benchi la pili. Alichukua spoki chakavu, akazikunja kwa koleo kuwa viunzi, akavisukia ukindu, vikatoka vikapu vya umbo ambalo hakuna aliyekuwa ameliona, vyepesi, vyenye kung'aa kwa ndani. Waliokuja na viwiko vibovu na mabega mabovu walijifunza kwake. Sikuwahi kuwasikia yeye na Mkandaji wakizungumzia mgongo ule. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyelala juu ya kile kitanda bila cheti cha hospitali. Uje unalia, uje umebebwa, swali lilikuwa moja: "Cheti kiko wapi?" Mzee mmoja alikasirika, akamwambia amekuja kukandwa, hakuja polisi. Akamjibu, "Basi leo huna bahati, umeikuta polisi." Siku ya pili mzee akarudi na cheti.

Mimi nilikuja na cheti. Nilikuwa nacho kirefu, vipimo vyote safi.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wa tatu kazini, mwaka wa pili katika ndoa. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa hakulia. Walijitahidi naye, hakulia. Baada ya mazishi nilikaa nyumbani siku zangu, nikarudi darasani, na wiki hiyo mikono ikaanza kuuma. Ilianza mabegani ikashuka hadi vifundoni, yote miwili, uzito wa ajabu kama nimebeba ndoo kutwa nzima. Nikawa siwezi kuandika ubaoni mistari minne. Daktari alinipima damu, akanipiga picha, akasema hana cha kunipa. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenipeleka.

Mkandaji alisoma cheti, akanitazama, hakuniuliza swali. Alinikanda mikono kwa muda mrefu, kidole kimoja kimoja. Karibu na mwisho akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma kilichoandikwa:

"Mikono hii ilijiandaa kubeba."

Alinifuta samli kwa kitambaa cha moto, akanihamishia benchi la pili, akanipa ukindu.

Najua kusuka. Nilifundishwa na shangazi nikiwa na miaka saba. Lakini siku ile mkeka ulitoka mgumu, umekunjamana pembeni. Aliutazama, akaufumua wote mbele yangu. Jumamosi iliyofuata akaufumua tena. Mara ya tatu nilikasirika.

"Sasa unataka nini?"

"Unavuta kama unamzuia mtu asiondoke," alisema. "Legeza kidogo. Ukindu hauendi popote."

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya fundi baiskeli na mama mmoja aliyekuja kukandwa kiuno ambaye hata sikumjua. Mkandaji hakunikumbatia wala kunipa maneno. Aliendelea kukoroga sufuria yake. Fundi alisogea kidogo kwenye benchi nipate nafasi ya kuegemea ukuta. Mama wa kiuno akaendelea kushona. Nililia mpaka nikamaliza, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nyumbani, tangu mazishi, kila mtu alikuwa ananiambia ninyamaze.

Mume wangu alikuja kunichukua Jumamosi moja, akakuta bado sijamaliza muda wangu. Mkandaji akamwambia mlango haupendi watu wanaosimama, ama aingie au atoke. Akaingia. Akapewa penseli za rangi. Yeye ni mtu wa kilimo cha kahawa, hajashika penseli ya rangi tangu darasa la kwanza. Alichora nyumba yenye dirisha moja, akaipaka rangi kwa uangalifu mkubwa, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Halafu akachora kitanda kidogo ndani ya dirisha. Hakuwahi kuniambia neno kuhusu mtoto wetu mpaka siku ile. Tulirudi nyumbani kwa miguu, tukazungumza njia nzima.

Mikono ilipoa polepole. Sikuona siku iliyopoa. Niligundua tu kwamba nimejaza ubao wote na bado nina chaki mkononi. Baadaye tulipata watoto wawili. Nilipompelekea yule mkubwa kati yao amwone, nikaanza maneno ya shukrani, akanikatiza.

"Usiniletee hiyo sifa. Mimi nilikanda mikono. Haya mengine mlifanya wenyewe, wala sitaki kujua vipi."

Mama wote waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka mtoto akaamka.

Bukoba mjini alikwenda kwa sababu ya hoteli. Mwenye hoteli alisikia habari zake, akamtaka awakande wageni na kuwafundisha wasichana wawili. Alipewa chumba chenye mishumaa, taulo nyeupe na muziki wa maji yanayotiririka. Muziki ule ulimfanya kila nusu saa atake kwenda msalani. Alivumilia. Kilichomshinda ni pale alipoweka benchi la pili. Mgeni mmoja alifurahi kusuka, mgeni wa pili akalalamika kwamba amekuja kupumzika, hakuja kufanya kazi. Mwenye hoteli akamwomba aliondoe benchi.

"Nikaliondoa," alinisimulia. "Nikaondoka nalo."

Aliyempokea ni mzee mmoja mwenye duka la vitambaa, wa zile familia za Kihindi zilizobaki chache pale mjini. Watoto wake walishahamia mbali, naye alibaki na majora na bega lililoganda. Alikuwa ameshakandwa na Mkandaji pale hotelini. Alimpa chumba cha nyuma ya duka, na vipande vyote vilivyobaki mezani baada ya kukata. Kuanzia hapo benchi la pili la Bukoba likawa la viraka. Watu walishona mashuka ya vipande mia, kila mmoja akianzia alipoachia mwenzake. Mzee naye alikuja kukaa pale saa za jioni, duka likiwa kimya, akashona kwa mkono uleule uliokuwa haupandi juu ya kifua. Alishona vizuri kuliko wote na alijua hilo. Mke wa imamu, aliyekuwa na magoti mabovu, alimwambia waziwazi kwamba anajigamba. Walibishana juu ya mishono mwaka mzima, na wote wawili hawakukosa siku.

Vijana walianza kumfuata. Siku hizi kuna wengi wanaotaka kazi hii, na simu zimewaonyesha vyumba vya Dar na vya nje. Binti mmoja alimuuliza, nikiwapo, aanzie wapi. Nilidhani atamsimulia habari za samli. Alimwambia aende chuo akasome mwili kwanza, miaka yote inayotakiwa, apate na karatasi yake.

"Na hii ya kushona?"

"Hiyo utaipata kwa wagonjwa. Ila ukianza kuwasahihisha mishono, acha kazi."

Mwaka jana, mvua za masika zilipokwisha, alinipigia simu. Hakuwa mtu wa kupiga simu.

"Mwalimu, Jumanne una vipindi?"

Niliomba ruhusa. Nilimkuta Bukoba, ameketi kwenye benchi la kliniki ya macho, amevaa gauni la kanisani. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, siku hiyo wangepasua la kulia kwanza. Nilikaa kando yake, nikamshika mkono.

"Nimewatuma watu wangapi hospitali?" aliniuliza. "Wengine nimewafokea. Leo mguu umekataa. Nimefika hapo getini mara mbili nikarudi."

"Umeanza lini kutoona?"

"Miaka miwili sasa ni vivuli."

"Miaka miwili? Na watu unaowakanda?"

"Watu siwaoni kwa macho, mwalimu. Wewe nakujua kwa bega la kushoto."

Ndipo nikakumbuka jinsi siku za karibuni alivyopita benchi la pili akimuuliza kila mtu, "Hii umechagua rangi gani? Na ile?" Tulidhani anatufundisha kutazama. Kumbe alikuwa anauliza kweli.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangeacha kuja. Nani anataka kukandwa na kipofu? Na mimi ningekaa nyumbani nikafanya nini?"

Walipomwita alisimama, akakaa, akasimama tena. Muuguzi kijana akamwambia, "Bibi, ni dakika chache tu." Nilijua kwamba maneno hayo yeye mwenyewe aliyasema mara nyingi, na nilijua kwa jinsi alivyokaza mdomo kwamba hayamsaidii chochote. Nilimwomba muuguzi niingie naye mpaka mlango wa mwisho. Akakubali. Tulitembea hatua fupifupi. Mlangoni aliniachia mkono mwenyewe, kidole kimoja kimoja, akaingia.

Nililala kwake usiku huo, na asubuhi tulirudi kufunguliwa bandeji. Daktari aliibandua taratibu. Mkandaji alifumba jicho, akalifumbua, likatoa chozi, akalifumba tena. Alipolifumbua mara ya pili alimtazama daktari, akatazama dirisha, akatazama shati la mgonjwa aliyekuwa akisubiri. Mwisho akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda mpaka nikaona haya.

"Mwalimu," alisema. "Kumbe umezeeka."

Daktari alijifanya anaandika.

"Na wewe je?" nilimuuliza.

"Mimi bado sijajiona. Twende tukanywe chai kwanza, tusiharakishe mambo."

Tulitoka. Njia nzima alikuwa akisimama. Alisimama mbele ya geti la kijani, akasimama kwa muuza ndizi, akasimama kwa mwanafunzi aliyevaa sweta jekundu mpaka yule mtoto akaanza kukimbia. Tulipofika barabarani nilimshika kiwiko kumvusha, kama ambavyo watu walikuwa wakimfanyia miaka miwili bila kujua sababu. Aliutoa mkono wangu.

"Niache. Nataka kuvuka mwenyewe."

Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena, kama tunavyowafundisha watoto wa darasa la kwanza. Akaiacha bodaboda ipite, akampungia dereva. Kisha akavuka, mgongo wima, hatua moja moja, bila kupapasa. Alipofika ng'ambo aligeuka akanikuta bado nimesimama upande wa pili, nashindwa kuona vizuri kwa machozi.

"Unangoja nini?" aliita. "Njia ni nyeupe. Vuka!"